Msasi wa Ole na Mbwa Wasiobweka

Mwaka wa themanini na sita, nikiwa na umri wa miaka ishirini, ndipo taabu yangu ilipoanza. Mwaka huo nilitoka Kojani, kisiwa ambacho mtu akitupa jiwe nyuma ya nyumba yake linaangukia majini, nikaja Ole kuoa. Mkwe wangu alinipa mke, akanipa na kipande cha shamba, akasema, "Mke mtaelewana. Shamba sijui." Kazi niliyoijua ni kushona nyavu na kuvua. Muhogo nilikuwa nikiujua ukiwa sahanini. Skuli nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, basi atakayeona makosa humu na ayasahihishe kimoyomoyo, asinijie mlangoni.

Nilipanda muhogo. Ukaota, ukapendeza, nikaanza kutembea kijijini kama mtu. Asubuhi moja nikaenda nikakuta shamba limelimwa upya, na aliyelima hakuwa na jembe. Nguruwe. Wameng'oa, wameonja, wameacha nusu nusu kama wageni wa harusini. Mke wangu akatazama, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Kamwite Msasi."

Ndivyo nilivyomjua. Jina lake silitaji. Wala sitasema alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, maana nilimuuliza mara nyingi na kila mara alizaliwa pahala pengine. Ole nzima ilimwita Msasi, yaani mwindaji. Walikuwapo wasasi wengine, waliotoka pamoja naye na mbwa na nyavu kuwapiga nguruwe na tumbili wanaomaliza mazao ya watu, lakini hao walikuwa wasasi wa siku ya msako tu. Siku nyingine walikuwa wakulima na wauza samaki. Yeye alikuwa Msasi hata akiwa amelala. Watoto wake wawili wa kiume walikwenda zao Unguja. Mmoja akawa fundi wa friji, na mwengine akaoa mwanamke aliyemwambia achague, yeye au mbwa. Basi tangu siku niliyomjua mpaka mwisho, mtu yule alikuwa na swali moja, na aliliuliza popote, hata mazikoni, udongo haujakauka: "Na miye nikifa, nani atabaki na mbwa wangu?" Wafiwa walikuwa wakimjibu kwamba leo si siku yake.

Siku ile ya kwanza nilimkuta uani kwake amechutama, anamchungulia mbwa ndani ya sikio kama fundi saa.

"Assalaamu alaykum, Mzee Msasi."

"Wa alaykumu ssalaam. Weye ndiye Mkojani aliyeoa kuno?"

"Ndiye."

"Nguruwe wamekutembelea?"

"Wamenimaliza, mzee."

"Kojani hamna nguruwe. Wangekula nini kule, mawe?"

Mwenye shida hachagui maneno ya kuambiwa. Akanipa masharti. Malipo hakutaka. Desturi ya wasasi ni kwamba mwenye shamba huwapikia mbwa kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa mkewe, na watu hawali mpaka mbwa wameshiba. "Mbwa ndiye anayetangulia mbele ya meno ya nguruwe," alisema. "Weye na miye tunakuja nyuma na maneno."

Mke wangu akakataa kutoa chungu. Alisema chungu kilichopikiwa mbwa hakirudi jikoni kwake hata kikaoshwe kwa maji ya Zamzam. Nikapika nje, ndani ya kopo la rangi, ugali wa muhogo na dagaa, mchana kweupe, majirani wako barazani wananishangilia kama mpira. Msasi alipofika, kabla ya mbwa, akachota kwa kidole, akaonja.

"Hakina chumvi."

"Kwani mbwa wataka chumvi?"

"Mbwa hawataki. Miye ndiye ninayeonja."

Sasa niwaeleze mbwa wenyewe, maana ukimweleza Msasi bila ya mbwa umeeleza kanzu bila ya mtu ndani. Walikuwa wadogo, hawafiki gotini pangu vizuri, miguu myembamba, rangi nyekundu kama karafuu zilizokaa juani siku moja, kifua cheupe, masikio yamesimama. Mkia umejikunja mgongoni kama ngata ya mchota maji. Na vipaji vya nyuso zao vina makunyanzi, hata kitoto cha mbwa ukikitazama utadhani kina mtoto wa kuozesha.

Na hawabweki. Mtu akiambiwa hivyo huona anadanganywa, lakini mimi nimekaa nao miaka yote hiyo na sijasikia mmoja akibweka kama mbwa wa mjini. Si mabubu. Wakifurahi hutoa sauti ya ajabu, inapanda inashuka, kama mzee anayesukutua maji kooni wakati wa kutawadha huku akijaribu kuimba. Msasi aliwasifu kwa hilo kuliko yote. "Anayebweka ana mambo mawili," alikuwa akisema. "Ama anaogopa, ama anaomba kura."

Kwa kuwa hawabweki, porini huwezi kujua walipo. Basi kila mmoja alivishwa shingoni kengele ya mti, na kengele hiyo hujazwa majani njia nzima isilie. Mkifika pahala pa msako, Msasi anawapitia mmoja mmoja, anatoa majani, anamnong'oneza kila mbwa neno sikioni. Nilimuuliza anawaambia nini. Akasema anawaambia dua. Siku moja nilisimama karibu nikasikia. Alikuwa akiwaambia, "Usinitie aibu mbele ya watu hawa wapumbavu."

Tabia zao zilikuwa kama za paka aliyesoma. Wanajilamba mwili mzima mpaka wanang'aa. Hawanuki. Mvua hawaitaki hata kuisikia. Likidondoka tone moja, mbwa aliyemkimbiza nguruwe asubuhi anaruka vidimbwi kama bi harusi anayeogopea hina yake. Mayai wanaiba, tena wanaiba kwa adabu: yai linaondoka na kuku hajaamka. Ukimwita anakutazama kwanza, anafikiri, anaona kama ina faida, ndipo anakuja, au haji. Niliwahi kumwambia Msasi kwamba mbwa wake hawana utii.

"Utii wa nini?" akanijia juu. "Weye una utii? Mkeo ana utii? Umeishi na watu wasiotii maisha yako yote, mbwa ndiye uliyemwona?"

Historia yao ndiyo iliyonichosha. Kwa Shehe wa msikiti wetu alisema mbwa hawa ni masalia ya mbwa wa Nabii Suleiman, waliokuwa wakielewa maneno. Kwa Sheha, yaani kiongozi wa serikali hapa kijijini, alisema waliletwa na Mreno, kwa sababu Mreno ndiye aliyeleta nguruwe na alipoondoka alituachia na dawa yake. Kwa familia za Kimanga zilizokuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu alisema walitoka Omani ndani ya jahazi moja na babu zao, na watu wale walifurahi wakampa nazi. Mimi aliniambia hawakuletwa na mtu. Walitoka wenyewe msitu wa Ngezi kule Makangale, wakawaona watu, wakawahurumia.

Ikaja siku akaja mgeni wa Kizungu na mkalimani. Mgeni yule akatoa simu akaonyesha picha, akasema mbwa wa namna hii, mkia kama huu na masikio kama haya, wamechorwa kwenye makaburi ya wafalme wa zamani wa Misri. Sisi sote tukashangaa. Msasi hakushangaa. Akaitazama ile picha, akairudisha.

"Mwambie hao walitoroka kuno," akamwambia mkalimani. "Tuliwatafuta sana."

Alipoondoka mgeni nikamshika. Nikamwambia, "Mzee, ipi ndiyo kweli?"

"Zote kweli, Mkojani. Kila mtu nampa inayomtosha."

Mimi nina maoni yangu, na kwa kuwa naandika mwenyewe nitayatia. Mbwa hawa hakuna aliyewatengeneza. Hao mbwa wakubwa wa mjini wametengenezwa na watu, mmoja mrefu kwa ajili hii, mmoja mfupi kwa ajili ile. Hawa ni wa zamani, wa tangu mtu hajajua kufuga vizuri. Waliambatana na watu waliokuwa wakiwinda, kutoka bara, pwani, mpaka visiwani, na kazi yao ikawa ndiyo sura yao. Ndiyo maana hawatii. Hawakuja kuajiriwa, walikuja kwa ubia.

Kuhusu majina. Mbwa wake aliwapa majina ya kuwajibu majirani. Akigombana na mtu, mbwa atakayezaliwa mwezi ule jina lake limeshapatikana. Alikuwapo Mtachoka, alikuwapo Hamniwezi, alikuwapo Roho Mbaya Haijengi. Asubuhi anasimama uani anawaita kwa sauti, na mtu wa nyumba ya tatu anajua kwamba ugomvi wa mwaka juzi haujesha. Jirani mmoja alikwenda kumshitaki kwa Sheha kwamba anatukanwa kila siku saa moja asubuhi. Sheha akaja. Msasi akamwambia, "Sheha wangu, namwita mbwa. Kama bwana yuno anaitikia, miye nifanyeje?"

Ajabu yake ni kwamba mtu huyo wa mbwa ndiye aliyekuwa na tahadhari ya najisi kuliko kijiji kizima. Mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito; kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sisi wengine tukishaona tumeepukana na mbwa tunajiona tumesafika. Yeye mlangoni kwake palikuwa na chungu cha udongo uliochekechwa, ndoo zimepangwa, na nguo za msako zina msumari wake mbali na nguo za sala. Nyumba ile ilikuwa ikitumia maji kuliko skuli. Msikitini alisimama safu ya mbele, na watu, kwa hofu zao, walimwachia nafasi kulia na kushoto. Alikuwa akitandaza viwiko vyake anasema, "Wasaa, alhamdulillahi."

Siku moja ya masika, baada ya sala ya alasiri, tukatoka tukamkuta Mtachoka amekaa kwenye baraza ya msikiti, mkavu kabisa, anaitazama mvua kwa chuki. Shehe alipandwa na hasira mpaka kilemba kikalegea.

"Mzee Msasi! Mtoe mbwa wako!"

"Shehe, mbwa yuno mkavu na sakafu kavu. Weye mwenyewe ulitusomesha: mkavu kwa mkavu hakuna najisi."

"Nakwambia mtoe!"

"Nikimtoa atarowa. Akirowa atarudi hapa hapa, maana nyumba yenu ndiyo ya karibu, na hapo ndipo mtakuwa na najisi. Sasa chagua weye, Shehe, yupi unamtaka, huyu au yule wa baadaye?"

Shehe akatazama mvua, akamtazama mbwa, akatutazama sisi. Tukangoja pale wote, safu nzima ya waumini, mpaka mvua ikakatika, na Mtachoka akashuka ngazi mguu mmoja mmoja akaenda zake. Tangu siku hiyo Shehe na Msasi wakawa marafiki, lakini hawakuacha kugombana, na nafikiri ndiyo ilikuwa starehe yao.

Msako wenyewe mimi niliujua kwa upande wa nyavu. Wasasi walipoona natoka Kojani waliniletea zile nyavu zao za kamba nene, zimechanika kama kanga ya mwendawazimu. Nikazishona. Tangu siku hiyo nikawa fundi wao. Nilisema wazi mbele ya watu: mimi ni mtu wa nyavu, mbwa simshiki, mbwa simjui. Kupika nitapika. Zaidi ya hapo msinitafute. Msasi akaniambia, "Sawa, Mkojani. Nani aliyekuomba?"

Namna yao ni hii. Nyavu hutegwa kwenye njia ya nguruwe, watu wenye mikuki na marungu wanajificha nyuma yake, na mbwa wanaingizwa kichakani upande wa pili. Unasikia kengele za mti: ko, ko, ko, mbali. Kisha zinakwenda mbio. Kisha kichaka kinatembea. Siku moja dume la nguruwe, kubwa kama pipa, likakwepa wavu wangu mzuri likapita ubavuni, na huo ubavuni ndipo nilipokuwa mimi. Sikumbuki kupanda. Nakumbuka nilijikuta juu ya mkarafuu, chini yangu nguruwe, na mbwa wawili wanamzungukia bila kubweka, ni kengele tu, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka watu wakaja na mikuki. Nguruwe alipolala, mbwa mmoja akaja akakaa chini ya mti wangu, akanitazama na lile paji lake lenye makunyanzi.

Msasi akaja akasimama karibu naye. Wakanitazama wote wawili.

"Shuka, Mkojani," akasema. "Karafuu bado hazijaiva."

Habari hiyo ilifika Kojani kabla yangu. Mpaka leo nikienda kuzika au kuoza, kuna mtu ataniuliza msimu wa karafuu ukoje.

Lakini muhogo wangu nilivuna. Ukiniuliza nilijengaje nyumba, nitakwambia nilijenga kwa mikono yangu, na ni kweli. Lakini muhogo uliowalisha watu wa kubeba mawe ulilindwa na mbwa wa mtu. Hilo nalisema mara moja tu, sitalirudia.

Ulezi wake wa mbwa ulikuwa na sheria. Chakula mara moja kwa siku, jioni, na siku ya msako asubuhi kidogo tu, maana mbwa aliyeshiba huwa na mawazo ya kikwake. Mifupa ya samaki marufuku. Kupe walitolewa mmoja mmoja kwa mkono wakatiwa ndani ya kopo la mafuta ya taa. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe kila Ijumaa kabla ya kukoga kwenda msikitini. Majani ya mwarobaini yalichemshwa kwa kuwaoshea vidonda. Kitanda chao ni cha fito, kimeinuliwa juu ya ardhi, kimetandikwa makuti makavu, na chini ya paa, kwa sababu ya lile neno la mvua. Bwana mifugo akija na sindano za kichaa cha mbwa, Msasi ndiye wa kwanza kufika, mbwa wake wamepangwa kwa ukubwa. Sindano ikiingia yeye ndiye aliyekuwa akifumba macho. Na kupiga hapana. "Ukimpiga leo atakusamehe leo," alisema, "lakini siku ya nguruwe atakukumbuka."

Kulikuwa na neno moja lililokuwa likimkondesha. Jike la mbwa hawa humtaka dume mara moja tu kwa mwaka, si kama hao wengine. Ukikosa wakati huo umekosa mwaka mzima. Na akitangulia dume la mitaani, lile la Wete lenye masikio yaliyoanguka na kelele nyingi, basi umepata watoto wanaobweka. Kwa hiyo wakati huo ulipofika, Msasi alilitia jike ndani ya nyumba, chumba cha kulala, akatia komeo, yeye akakaa mlangoni na fimbo. Mkewe, Bi Mkubwa, alihamia kwa dada yake na godoro kichwani.

"Miye sikufungiwa mlango hivi hata siku ya harusi yangu," aliwaambia watu njiani.

Miaka ikenda. Wasasi wakapungua, mmoja akafa, mmoja akaenda Maskati, mmoja akasema magoti. Mbwa nao wakapungua. Dume la mwisho lilipigwa na nguruwe, likazikwa nyuma ya nyumba kwa heshima kuliko madiwani wengine ninaowajua. Likabaki jike moja, Sisemi, ambaye jina lake lilimjibu mtu aliyetaka kujua mambo ya ndani ya nyumba ile. Na Msasi mwenyewe miguu ikaanza kuvimba. Lile swali lake la mazikoni sasa aliliuliza akiwa amekaa, na hakuna aliyecheka tena. Alikuja mtu wa hoteli ya kaskazini kumtaka Sisemi awe mlinzi. Msasi akamuuliza, "Mwizi akija atamwambiaje, naye hasemi?" Mtu yule akaondoka.

Mwaka jana, mwanzo wa vuli, akaniita. Kabla ya hapo, kwa miezi kadhaa, alikuwa akiniletea nyavu nimshonee, na mimi nikishangaa, maana msako ulikuwa haupo tena. Nazishona nampelekea, baada ya siku chache zinarudi zimechanika. Nikamwambia, "Mzee, hizi zimekatwa kwa kisu." Akasema panya wa siku hizi wana meno mazuri. Sikubishana naye; mzee akikosa kazi huchokonoa vitu.

Siku aliyoniita nilikwenda na wavu wa mwisho begani. Nikamkuta Shehe amekaa kitini, na pembeni yake mtu mzima mwenye ndevu, msasi kutoka Makangale, ambaye nyumbani kwake ana dume la mbegu hii hii. Nikaelewa. Sisemi anahama leo, na mimi nimeitwa niwe shahidi.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwa sheria yetu mbwa hauzwi na hanunuliwi, kwa kuwa si mali ya mtu. Mwenye naye ana haki ya kumshika tu. Akitaka kumwacha, husema mbele ya mashahidi, "Nimeondoa mkono wangu," akafungua kamba. Na wasasi wa Ole wana desturi yao juu ya hapo: mbwa akishafunguliwa haitwi wala havutwi. Anakokwenda mwenyewe kulala, ndiko kwao.

Msasi akaishika kamba muda mrefu. Kisha akasema, "Mashahidi, nimeondoa mkono wangu," akafungua.

Sisemi akajinyoosha. Akamtazama yule wa Makangale, ambaye alikuwa amekuja amepaka mafuta ya nazi kwenye ndevu. Akamnusa kidole cha mguu. Akamzunguka Shehe, na Shehe akainua kanzu mpaka magotini. Kisha akaja moja kwa moja pale nilipotua wavu wangu, akaukanyagakanyaga, akazunguka, akajikunja juu yake, akafumba macho.

"Hapana," nikasema. "Hapana! Miye fundi nyavu. Mbwa simjui. Sisemi, toka! Nenda kwa bwana!"

"Haitwi," akasema Shehe.

"Shehe, huyu kalala juu ya wavu, hakulala juu yangu!"

"Wavu wa nani?"

"Wa Msasi!"

"Umeushona weye kwa kamba zako," akasema Msasi polepole. "Zote ulizishona weye. Miezi yote hii zimekuwa ndicho kitanda chake. Kila ulichoshona amekilalia, harufu yako kaijua kuliko yangu." Akafuta macho kwa kofia yake. Kumbe alikuwa anacheka, au yote mawili. "Nguruwe humtegea wavu wangu, Mkojani. Weye nimekutegea wako."

Nikamgeukia yule wa Makangale nikimtaka anisaidie. Akasema, "Mzee wangu, sheria ni sheria. Wakati wake ukifika, niite, nitamleta dume." Shehe akasema mashahidi tumeshuhudia, akaomba maji ya kutawadha. Nikasema maneno mengi hapo ambayo siyaandiki. Niliwaambia ninyi wazee mna hila, nikasema mke wangu atanifukuza, nikasema mimi ni mtu wa Kojani na Kojani hatufugi mbwa. Msasi akangoja mpaka nikaishiwa.

"Nani aliyepika miaka yote hino?" akaniuliza. "Kuna mtu kijijini kuno anayejua kuwapikia mbwa kuliko weye?"

Nikaenda nyumbani, na Sisemi akanifuata nyuma, si karibu wala mbali. Mke wangu alikuwa mlangoni. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nikajua nahama. Akatoka na lile kopo la rangi, kutu tupu, akaliweka miguuni mwangu. "Chungu changu usikiguse," akasema.

Msasi alikuja mara moja tu kuniona, baada ya Sisemi kuzaa na lile dume la Makangale. Alipakiwa kwenye bodaboda kama gunia la mchele, Bi Mkubwa nyuma anamshikilia. Hakutaka kuingia. Alikaa kwenye kigoda uani, akasema aletewe watoto. Macho yalikuwa hayaoni vizuri, basi akawapapasa kwa vidole, mmoja mmoja, masikio, makunyanzi ya paji, kisha mkia. Mkia ndio aliouchelewesha. Mikia yote minne ilikuwa imejikunja.

Sisemi akaja akasimama mbele yake. Akamnusa magoti, akatoa ile sauti ya kusukutua, mara moja. Kisha akarudi kwangu akalala.

"Basi kweli nimeondoa mkono," akasema Msasi.

"Mzee, mwite. Atakuja."

"Haitwi." Akatafuta mkono wangu akaushika, mkono ule ule uliotoka kushika mbwa, nami nikasahau kuutoa. "Mkojani, ukiulizwa walitoka wapi, utasemaje?"

"Nitasema walitoka kwako."

Akafikiri. "Hiyo haitawatosha," akasema. "Tafuta nzuri zaidi."

Akapakiwa kwenye bodaboda. Tulimzika kabla ya watoto wale kuachishwa ziwa, na pale makaburini hakukuwa na mtu wa kuuliza swali lolote.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, imeezekwa bati. Nina eka mbili za muhogo na migomba pembezoni. Nina mikarafuu thelathini inayozaa na mingine midogo. Nina ng'ombe wawili na ndama. Nina baiskeli mbili, moja haina breki. Nina nyavu sita za msako, nzima. Mbwa watano sikuwaandika, kwa kuwa mbwa si mali ya mtu. Wamelala juu ya hizo nyavu, nami nangoja waamke nizipate.